Jumapili Mbili za Mehitabel Lunt

Ndugu waombolezaji, kwa kuwa desturi yetu hairuhusu neno lolote kusemwa kaburini, na marehemu amefukiwa asubuhi hii kwa kimya kama tunavyofukiana wote, familia imeona historia yake isomwe hapa nyumbani, na anayeisoma ni binti yake wa kwanza, Tamsin, anayewaomba radhi mapema wale watakaokunja nyuso.

Marehemu Mehitabel Lunt alizaliwa tarehe 2 Juni 1638, hapa hapa Eastmarsh, katika koloni la Massachusetts, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Amos Tuttle, mshona viatu, na mkewe Joan, waliovuka bahari ili wamwabudu Mungu bila kuulizwa maswali, kisha wakasaidia kujenga kijiji ambamo kila mtu anaulizwa.

Kuanzia mwaka 1643 hadi 1647 alisoma jikoni kwa mjane Hobart, akafundishwa kuisoma Biblia lakini si kuandika, maana kalamu ilionekana haimfai msichana. Kazi yake ya maisha ilikuwa kusokota na kufuma kitani, na shuka nyingi mnazolalia ni za mikono yake, pamoja na kile kitambaa cha Meza ya Bwana, meza ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuisogelea kwa miaka thelathini na mmoja.

Tarehe 12 Oktoba 1659 alifunga ndoa mbele ya hakimu na Obadia Lunt, mtengeneza mapipa, muumini kamili wa kanisa, mtu ambaye hakuwahi kusema uongo hata wa kumtuliza mgonjwa, wakajaliwa watoto watatu, Tamsin mwaka 1660, Josia mwaka 1662, na Comfort, aliyezaliwa Jumapili, tarehe 8 Januari 1665.

Mnaijua imani yetu, kwamba mtoto huzaliwa siku ileile ya juma aliyotungwa mimba, kwa hiyo wa Jumapili ni ushahidi kwamba wazazi wake waliivunja Sabato. Mchungaji Wadlow alikataa kumbatiza hadi baba na mama wasimame mbele ya kusanyiko na kutubu, na mkunga, bibi Prudence Ames, alipomwambia, "Mchungaji, mtoto hutoka akiiva, hasomi kalenda," aliambiwa akakande unga.

Mtoto alikuwa dhaifu, hanyonyi, na mama yake hakuogopa kitu duniani kama kumzika bila ubatizo. Mchungaji alikuwa amehesabu majuma arobaini kurudi nyuma, akaangukia Jumapili ya tarehe 3 Aprili 1664, na Jumapili hiyo Obadia alikuwa Boston akiuza mapipa, hakurudi hadi Alhamisi. Mama akaona mtego, kwamba akijitetea kuwa mume hakuwepo ataulizwa mimba ni ya nani, na sheria yetu kwa mzinzi ni kitanzi.

"Baba Tamsin," alimwambia, "tukubali tu, mtoto anakwisha."

"Niseme uongo ndani ya nyumba ya ibada?"

"Nitausema mimi. Wewe kazi yako ni kufunga mdomo, hata hilo nalo lina shida?"

Aliahidi. Tarehe 22 Januari mama alisimama, akakiri dhambi ambayo hakuitenda, akalia machozi ambayo hayakuwa ya uongo, mchungaji akanyoosha mkono kuagiza maji, ndipo Obadia Lunt, dhamiri ikimchoma, alipoinuka na kusema, "Ndugu, siwezi. Siku hiyo nilikuwa Boston."

Maji hayakuletwa. Kwa sheria yetu hukumu ya kifo hutaka mashahidi wawili, na hawakupatikana, hivyo shingo yake ilipona. Comfort alifariki Ijumaa, tarehe 27 Januari 1665, bila kubatizwa, na mama yake akahamishiwa benchi la nyuma, penye upepo wa mlango, akiitwa kila mwaka aje amtaje mwanamume, naye kila mwaka akijibu, "Nendeni mkamuulize huyo aliyekuwa Boston." Obadia alisifiwa kwa ukweli wake, akafanywa shemasi, na hadi alipofariki mwaka 1689 alikula chakula chake kilichopikwa vizuri, lakini mezani hakusemeshwa.

Mwezi Januari mwaka huu marehemu aliugua kifua, akatibiwa hapa nyumbani, na juzi, Jumapili, tarehe 15 Machi 1696, wakati wa mahubiri ya asubuhi, akakata roho. Mchungaji Wadlow, sasa mzee, amekuja kutueleza kwamba anayeitwa siku ya Sabato ni mteule, kwamba hiyo ni ishara wazi, na kwamba yuko tayari kuliandika jina la marehemu katika kitabu cha kanisa.

Familia inamshukuru daktari Pell kwa dawa zake, majirani kwa kuni na mchuzi, wafumaji wenzake waliomkesha kwa zamu, na bibi Prudence, ambaye ana miaka tisini na bado hasomi kalenda. Mchungaji naye tunamshukuru kwa kufika, na tunamjibu mbele yenu kwamba jina la Mehitabel litaandikwa siku jina la Comfort litakapotangulia juu yake, na kama hilo haliwezekani, basi kitabu kifungwe.

Pumzika, mama. Ulipo sasa hakuna wa kukuuliza.