Kurasa Tisa za Jua la Mwalimu Anselmi

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Editha, mtoto wa dada yake marehemu, na kwa kuwa kwetu Waluguru mpwa ndiye mrithi wa mjomba, familia imenipa mimi niyasome maisha yake, nami nimesimama kwa moyo mzito, kwa sababu nina la kukiri.

Mwalimu Anselmi Banzi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, Kinole, milimani Uluguru, akasoma huko huko shule ya msingi, kisha sekondari na chuo cha ualimu, na tangu mwaka 1975 hadi alipostaafu 2011 alifundisha fizikia hapa Morogoro mjini. Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na Bi Eufrazia, wakajaliwa watoto wawili, Yohana na Pendo.

Tarehe 8 Juni 2004, siku Zuhura ilipopita mbele ya jua, aliangusha taswira ya jua kwa darubini juu ya karatasi nyeupe, uani kwake Mafiga, akayachora madoa yake, na tangu hapo hakuacha, na siku mlima ulipofunga jua lisionekane aliandika neno moja tu, mawingu. Alitufundisha kwamba jua halizunguki lote kwa pamoja kama mpira, kwenye ikweta yake huzunguka haraka kuliko kuelekea kwenye ncha, na kasi hiyo hupanda na kushuka kidogo kadiri usumaku wake unavyobadilika, na usumaku huo huchukua miaka kama ishirini na miwili kurudi ulipoanzia. Miaka hiyo ndiyo aliyomwomba Mungu, afike Juni 2026 bila kuandika uongo.

Ugonjwa wa moyo ulimzidi, akalazwa tarehe 10 Novemba 2025, akanikabidhi daftari lake la michoro ya jua niiendeleze. Mimi nilishinda wodini nikimuuguza, sikuitoa darubini hata siku moja, ila kila jioni nilichora madoa ya jana nikiyasogeza yote kwa hatua sawa, kana kwamba jua ni mpira, nikamwonyesha, akatabasamu, akaliweka chini ya mto wake. Alifariki Jumatano tarehe 19, alfajiri, na nilipolifungua nikakuta kurasa zangu zote tisa zimekatwa mstari, na kwenye kila mmoja ameandika mawingu. Hakunisema kwa lolote, na hilo ndilo linaloniua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani wa Mafiga, na Mzee Vinubhai aliyemwekea daftari dukani kila mwaka.

Mjomba, kesho asubuhi nitatoa darubini uani, nitachora nitakachokiona, na mlima ukifunga nitaandika mawingu. Pumzika kwa amani.