Maswali Kabla ya Moyo wa Mama Bernardine Kuchomwa

Mgeni rasmi, Daktari Tumuhairwe, uliyeacha foleni ya wagonjwa Mbarara ukaja kula vumbi letu, karibu sana. Sisi ni watu kumi na saba wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale ambao mioyo yetu haishiki mwendo. Tunakusomea haya kwa ajili ya Mama Bernardine, ambaye Jumanne utamchoma kidonda kidogo ndani ya moyo ili utulie. Akikubali. Bado hajakubali.

TULIKOTOKA

Tulianza watatu, nyuma ya kanisa, kila mmoja ameshika kifundo cha mkono wa mwenzake, anasikiliza. Sisi ni watu wa ng'ombe kutoka milima ya Kivu ya Kusini, basi mioyo yetu tumeipa majina ya ng'ombe. Wa Mzee Muhirwa ni Mzubaifu. Wa Mama Bernardine ni Mruka-Ua. Siku moja uliruka hadi majogoo wa jirani zetu wa Rugaaga wakawika saa nane mchana, na ziwa letu likasimama kidogo kuusikiliza. Anayebisha akaliulize ziwa.

MAFANIKIO

Tumejifunza kwamba moyo wa hivyo hugandisha damu, na donge likipanda kichwani mtu anapooza. Kwa hiyo filimbi hulia asubuhi na jioni, sote tunameza dawa ya kuzuia hilo.

KOSA LETU

Mwezi uliopita ulimpa Mama Bernardine siku ya kuchomwa. Kwa desturi yetu mbele ya jambo zito, tukafunga naye siku tatu. Mama Cansilde akauliza, "Na dawa je? Inamezwa na chakula, itavunja mufungo."

"Iache basi, mama," akajibu Mzee Muhirwa. "Mungu hana haja ya vidonge."

Filimbi ikanyamaza. Ulipomwuliza Mama Bernardine kama alimeza dawa, alisema kweli, nawe ukamrudisha nyumbani kwa kuhofia donge. Ulifanya vizuri. Safari hii tumefunga kusengenya tu, na ni kugumu kuliko njaa.

MAOMBI

Mwambie hatari zote, usimpake asali. Waya wa kuchomea utapita mshipa wa pajani: damu ikikataa kusimama? Waya ukitoboa moyo? Donge likipanda kichwani siku hiyohiyo? Mapigo mabaya yakirudi, utachoma tena? Yeye anasema, "Miye siogopi kufa. Naogopa kudanganywa."

Lipo na swali ambalo hakuthubutu kukuuliza. Moyo unapokimbia alfajiri, kati ya usingizi na kuamka, humwona marehemu mume wake Yonatani akishuka mlimani na ng'ombe ndani ya ukungu, kwato zikifuata mapigo. Hukaribia hadi mama anasikia harufu ya maziwa. Moyo ukitulia, wanarudi juu. Anauliza: "Mukichoma ile fasi, pale moyoni, atapitia wapi?"

Tulimcheka. Kisha tukaona haya, maana kila mmoja wetu ana mtu wake.

Hatujui kama hilo ni swali la daktari. Mama Bernardine ameketi safu ya pili, kitenge cha kijani, mfuko wake umekwisha kufungwa. Umjibu yeye, polepole. Kama hujui, sema hujui. Hata hiyo "sijui" atapanda nayo gari la hospitali.

Mungu aitulize mikono yako, na nyumbani mwako maziwa yasikauke.

Ni sisi, Kikundi cha Mapigo, Nakivale.
Msomaji: Natanaeli, mstaafu.