Kuku wa Sajini Topista Aber

Ijumaa tarehe 31 Desemba 1999, saa kumi jioni, Sajini Topista Aber atakabidhi funguo za ofisi ya kumbukumbu na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Wapo wanaosema amechagua siku hiyo ili aikimbie kompyuta kabla haijaingia mwaka elfu mbili. Si kweli. Tarehe ilipangwa na serikali, na kama kuna anayemkimbia mwenzake hapo, ni kompyuta.

Aliajiriwa Septemba 1966 kuwa mpiga chapa katika gereza la Kivule, Jinja. Kazi yake ilikuwa stensili. Kwa vijana wasioijua: ni karatasi ya nta inayopigwa kwa taipureta, kisha hufungwa kwenye mashine ya kurudufu ili itoe nakala. Ina fremu iliyochorwa pembeni. Herufi ikitoka nje ya fremu haipati wino, na mashine haikuambii kitu. Aber alilijua hilo wiki ya kwanza, alipotoa nakala mia mbili za tangazo la mkutano zisizo na siku ya mkutano. Watu walikuja kwa siku tofauti, kila mmoja akiwa na hakika.

Mwaka 1979 dawa ya kusahihishia stensili iliadimika nchi nzima. Aber akatumia rangi ya kucha. Ilifanya kazi vizuri mno, ila ofisi ilinuka saluni, na mkaguzi mmoja akauliza ni nani anayejirembesha saa za kazi. Akaonyeshwa mashine.

Miaka ile Kiswahili chetu cha langoni, lugha ya askari, kilikuwa kikiwatia watu hofu, na haikukosa sababu. Aber, Mwacholi, alijifunza Kisoga cha kutosha kumsalimia mgeni kwanza, akaulizia watoto na shamba, ndipo akaingiza Kiswahili pole pole kama mtu anayepima maji ya kuoga. Wageni wengi hawakujua kuwa ni askari mpaka aliposimama.

Kompyuta zilifika mwaka 1998, moja Kivule na moja kwetu Namabwa, Mbale. Mtaalamu wa mradi, Conrad, alitutengenezea kurasa zinazofunguka kwenye kioo kama magazeti, kisha akapata kazi nzuri Kampala na kutuachia urithi huo bila maelezo. Mpango wake ulikuwa hivi: upo ukurasa mama, wenye nembo, vichwa vya habari na nafasi zilizoachwa wazi. Kila kituo kina ukurasa wake, mtoto wa ule mama, ambao karani huujaza kila Alhamisi. Ijumaa asubuhi orodha ya wanaotoka huchapishwa, na bwana geti hamfungulii mtu ambaye jina lake halimo. Orodha ya mkono ilipigwa marufuku zamani, baada ya mtu kutoka kwa barua ya kughushi.

Ijumaa tarehe 8 Oktoba mwaka huu, Masaba wa Busiu alipaswa kutoka Namabwa. Alikuwa amefungwa miaka miwili kwa kesi ya ng'ombe, akapunguziwa siku kwa tabia njema. Mama yake, Nambozo, alifika langoni saa moja asubuhi akiwa na shati lililopigwa pasi. Bwana geti akasoma orodha mara mbili. Mama, jina hakuna, akamwambia. Ndani, Masaba alikuwa ameshagawa blanketi lake. Jioni akaenda kuliomba lirudi.

Faili lilisema atoke, karatasi ya mashine ilikuwa kimya. Mkuu wa gereza alikuwa Kampala kwa sherehe za Uhuru. Naibu wake, Afande Odongo, angeweza kutia saini, lakini si juu ya karatasi isiyo na jina. Zaidi ya hapo aliiamini mashine. Kompyuta haina ndugu, alisema. Kama imemkataa mtu, faili lichunguzwe, huenda kuna aliyekula kitu. Conrad akapigiwa simu, akashauri izimwe na kuwashwa. Ikazimwa, ikawashwa. Wengine wakabadilisha utepe wa printa. Ndipo wakampigia Aber, kule Kivule.

Alifika Jumamosi mchana. Kabla ya kugusa chochote alimkuta Nambozo bado langoni, akamtafutia kitanda kambini na pasi ya makaa, maana shati lilikuwa limekunjamana.

Hakujua programu ile ilivyoandikwa, na hakujifanya anajua. Aliandika neno moja, KUKU, juu kabisa ya ukurasa wa Namabwa, chini ya alama inayofungua nafasi, akachapisha. Kuku akaonekana. Akamshusha mistari kadhaa, akachapisha tena. Kuku yupo. Jumapili hakwenda kanisani, jambo lililozungumzwa kambini kuliko lile la Masaba. Saa tisa mchana alimshusha kuku mstari mmoja zaidi, na kuku akatoweka.

Sajini Aber akacheka peke yake. Kuku alikuwa amevuka alama inayofunga nafasi. Mashine huchukua kilicho ndani ya alama zile mbili na kukipeleka kwenye ukurasa mama. Kilicho nje hukitupa bila hata kukohoa. Ni stensili ile ile ya mwaka 1966. Huko nje, chini kabisa, ilikaa sehemu mpya iliyoitwa Waliopunguziwa Kifungo, na ndani yake jina moja tu, la kwanza kuwahi kuingia humo: Masaba.

Hii kitu haijakataa mtu, afande, alimwambia Odongo. Mtu aliwekwa nje.

Akaipandisha sehemu ile ndani ya nafasi yake, akachapisha, Odongo akatia saini. Masaba alitoka saa kumi na moja, amechelewa siku mbili, amevaa shati lililopigwa pasi mara tatu.

Taarifa ya Aber ina sentensi mbili: Maandishi yalikuwa nje ya nafasi. Yamerudishwa. Jumanne alitukusanya makarani wote akatufundisha kumtembeza kuku, na hakumtazama mtu zaidi ya mwingine. Lakini alijua. Conrad, kwa kheri au kwa shari, alitufundisha kuweka herufi za majina yetu kando ya kila tulichoongeza, na herufi zilizokuwa kando ya sehemu ile ni zangu. Nilikuwa nimepandishwa cheo mwezi mmoja tu kabla ya hapo, nikanyamaza. Nilimwacha Afande Odongo ashuku faili, na mama wa watu asimame langoni. Naona haya, na nimechoka kuona haya kimya kimya.

Mwezi uliopita nilikwenda Busiu kuwaambia. Masaba alisema yamekwisha. Nambozo alinipa chai kwanza, ndipo akaninunia. Niliponyanyuka kuondoka aliuliza jambo moja: sherehe ya yule sajini wa pasi ni lini, na je, mtu asiye askari anaruhusiwa?

Sajini Aber, umetufundisha kwamba kabla ya kumtilia mtu shaka, tuangalie kwanza alipowekwa. Asante, na asante pia kwa ulichokinyamazia. Nenda Bugembe kwenye nyumba uliyoijenga kwa subira, upate afya, majirani wema na kuku wa kweli. Maisha yakuendee vyema, mama.

Orodha ya wageni wa heshima imechapishwa nyuma ya ukurasa huu. Jina la Mama Nambozo ni la kwanza, ndani ya fremu. Nimelipima mwenyewe kwa rula.

Koplo Mutwalibu, ofisi ya kumbukumbu, Namabwa