Maji Hayapitii Wizarani

Basi lilipokaribia mpakani, bibi mmoja mzee alikuwa ameacha kusinzia ili asikie vizuri mazungumzo ya abiria wenzake. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja mkulima wa mpunga alikuwa amegundua kwamba abiria mwenzake ndiye fundi anayefungua milango ya bwawa lililo katika nchi jirani, upande wa juu wa mto.

"Kumbe ni wewe, baba! Miche yangu imesombwa mara mbili. Safari hii nipigie simu kabla hujafungua."

"Hairuhusiwi, mama. Taarifa hutoka wizara yetu kwenda wizara yenu."

"Na hufika?"

"Hufika."

"Hufika baada ya maji." Bibi akakohoa kuficha kicheko.

Fundi akajikaza. "Nchi ni mbili, mama."

"Hata ziwe kumi, mto ni mmoja. Maji yako hayapitii wizarani. Kesho napanda mbegu zangu za mwisho. Haya, taja namba."

Basi likasimama. Abiria wakashuka, kila mmoja kwenye foleni ya nchi yake. Mama akasimama kwenye foleni yake, simu mkononi, akipaza sauti juu ya vichwa vya watu: "Nasubiri, baba!"

Bibi, aliyejikuta nyuma ya fundi, akamgusa bega. "Mtajie, mwanangu. Foleni yetu bado ndefu."