Ndama Niliowaficha Migombani

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu nyote, amani ya Bwana iwe kwenu. Padri amenipa nafasi, nami nikinyamaza leo sitasimama tena.

Mnanijua. Ndimi niliyekabidhiwa ndama wa kijiji tulipohamia huku bondeni. Ng'ombe wakubwa wanakwenda joshoni, lakini wadogo hawauwezi mwendo ule, kwa hiyo kila Alhamisi nilipaswa kuwaogesha dawa ya kupe hapa hapa. Lakini nilikuwa na bustani yangu ya njegere kule juu mlimani, na njegere hazisubiri. Alhamisi moja nikapanda mlimani. Na iliyofuata. Bwana mifugo akiuliza, najibu, "Nimewaogesha."

Ndama wa kwanza alianza kwa kuacha kunyonya. Nikampapasa chini ya sikio, tezi imevimba kama limau, mwili unawaka moto. Nilijua ni ndigana, ugonjwa wa kupe. Ndugu zangu, nawaambia kweli, sikuogopa kwa ajili ya ndama. Niliogopa kwa ajili yangu. Ningeitwa mhujumu wa mali ya kijiji. Nikamficha nyuma ya migomba, nikamnywesha maji ya mwarobaini. Baada ya wiki akawa anahema kwa shida, povu linamtoka puani, akafa kichwa kikiwa mapajani mwangu. Nikasema ameumwa na nyoka.

Mama yake alilia siku tatu. Mnaofuga mnajua: ng'ombe wetu wa kienyeji asipomwona ndama wake hashushi maziwa. Na maziwa yale yalikuwa ya mjukuu mchanga wa bibi mmoja jirani, mtoto aliyefiwa na mama siku aliyozaliwa. Kila asubuhi bibi alikuja na kibuyu.

"Bibi, leo hakuna."

Kesho yake, hakuna. Akamkorogea mtoto uji mwepesi. Mtoto akaharisha, akanyong'onyea, tukamzika mvua hazijaisha. Bibi hajawahi kusema ni mimi. Nami siwezi kusema si mimi.

Kupe hawakungoja majonzi yetu. Wiki ile ya mazishi ndama wawili wengine wakavimba tezi. Bibi akanikuta migombani nawafunika majani.

"Hawa nao unawaficha?"

"Bibi, watanifukuza."

"Wacha wakufukuze. Inuka, twende."

Yeye aliyetoka kuzika ndiye aliyenishika mkono hadi kwa mwenyekiti. Nikasema yote mbele ya watu, hata lile la nyoka. Mtu akapanda baiskeli hadi Kingolwira kumwita bwana mifugo. Alifika jioni, akawadunga sindano, akarudi kesho yake na keshokutwa yake. Mmoja alikuwa amechelewa, akafa. Wa pili alisimama siku ya sita. Mnamwona, amedumaa, lakini yu hai. Waliobaki tuliwaogesha wote, nusu ya kijiji imeshika ndama.

Hamkunifukuza. Mwenyekiti, asante. Bwana mifugo, nilikudanganya usoni, na bado ulikuja siku tatu mfululizo, asante. Bibi yangu, uliyekaa pale nyuma, kwako sina neno la kutosha.

Ndugu zangu, tezi ikivimba, semeni siku ile ile, dawa ingali na kazi. Ukishaona povu, kilichobaki ni jembe. Na mkiwa na kosa, litoeni wenyewe. Msingoje yule mliyemuumiza ndiye awashike mkono.