Mama Hyasinta wa Mtaa wa Sikukuu na Tuzo ya Amani

Mama Hyasinta Pantaleo, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Ndanda, Masasi, tarehe 17 Agosti 1927. Alisoma shule ya misheni hapohapo, kisha akajifunza uuguzi.

Mwaka 1950 alifunga ndoa na Mzee Pantaleo, fundi seremala, wakajaliwa watoto wawili, Pius na Severa. Mwaka 1956 walihamia Dar es Salaam, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.

Vita vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, majeruhi waliovuka Ruvuma na kuletwa mjini kutibiwa walikuwa wakitoka wodini hawana pa kwenda. Mama aliwachukua kwake. Wengine hawakuwa na viatu, wengine hawakuwa na miguu. Nyumba ilijaa hadi ukumbini, naye Mzee Pantaleo akawa anatania, “Mke wangu, na mimi nihesabu mkimbizi, nipate pa kulala.”

Mwaka 1971 Pius, kijana wa miaka kumi na tisa, aliondoka na wabeba dawa waliokuwa wakivuka kwenda vitani. Hakurudi. Msumbiji ilipopata uhuru, wageni wakaanza kufunga mizigo, na kila aliyeaga, Mama alimwomba amuulizie mwanawe huko.

Oktoba 1976 Mzee Pantaleo alifariki. Matanga hayajaanuliwa, redio ikatangaza kwamba Tuzo ya Kimataifa ya Amani ya mwaka ule amepewa muuguzi wa Kariakoo. Bi Zeina, jirani yetu mwenye duka, alikuja mbio.

“Mama Pius, umetajwa redioni!”

“Wamemtaja na Pius?”

Bi Zeina akakaa mkekani, akalia naye. Waliokuja na vigelegele walivimeza mlangoni.

Sherehe ilikuwa ifanyike Ulaya mwezi Desemba, lakini saratani ya titi ilikwishamdhoofisha Mama, hivyo ujumbe wa tuzo ukamfuata hapa mjini. Ukumbi ulijaa mabalozi na viongozi. Sifa zake zilisomwa, jina lake likaitwa, watu wote wakasimama. Mama alishindwa kupanda jukwaani. Mkuu wa ujumbe akashuka, akamvisha medali pale kitini, kisha akamwomba aseme neno.

“Nashukuru,” alisema. “Ninyi mnajulikana kila nchi. Niulizieni mwanangu.”

Halafu mtu mmoja, kwa kukosa la kufanya, akapiga makofi, na wengine wakafuata. Mkuu wa ujumbe aliahidi kuulizia. Mpaka leo hatujasikia kitu.

Tangu Machi hakutoka tena kitandani. Severa na Bi Zeina walimuuguza kwa zamu, hadi alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1977, alipoaga dunia mikononi mwa bintiye.

Ameacha Severa, wajukuu wawili, na wengi aliowafunga vidonda, walio ng’ambo ya Ruvuma. Ameacha pia mwanawe Pius, kwani Mama alikataa katakata aitwe marehemu.

Mungu ampumzishe sasa kwa amani, ile aliyoikosa hata siku aliyotuzwa kwa ajili yake.