Mama Mafuta, Aliyezima Feni za Ukumbi

Watu wengi wakiona mashine imepata joto hukimbilia kutafuta kitu cha baridi. Hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu baridi haisaidii sana kama joto halina njia ya kutoka. Mzazi anayepoza uji wa mtoto analijua hili. Akiweka kikombe ndani ya beseni la maji na kuyaacha yatulie, maji yanayogusa kikombe yanakuwa vuguvugu na uji unabaki wa moto. Akiyazungusha kwa mkono, uji unapoa. Mwenzetu anayestaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, ametumia sehemu kubwa ya miaka yake thelathini na miwili ya kazi akituonyesha namna ya kuzungusha maji ya beseni. Ila beseni lake ni tangi lenye ukubwa wa kitanda, limejaa mafuta, na ndani yake zimesimama kompyuta zinazofanya kazi.

Aliajiriwa kama fundi sanifu wa umeme, akaanzia karakana ya transfoma. Wakati huo tulimwita dada. Baadaye akawa mama, na siku hizi vijana wa zamu wanamwita bibi. Yeye huitika yote. Jina la Mama Mafuta alipewa na walinzi wa getini, kwa sababu kila akisaini kuingia, kalamu yao huteleza mpaka jioni.

Wazo lake lilizaliwa huko karakana. Transfoma nyingi hukaa ndani ya mafuta maalumu, kwa kuwa hayapitishi umeme na hubeba joto vizuri kuliko hewa. Kompyuta za kituo chetu, zinazohifadhi data, zilikuwa zikipozwa kwa feni, na ukumbi wake ulivuma kiasi kwamba tulisalimiana kwa kupiga kelele. Mumewe, fundi cherehani mwenye masihara mengi, husema miaka ile mkewe alikuwa akimwomba chumvi mezani kama mtu anayemwita jirani wa ng'ambo ya barabara.

Alipoomba ruhusa ya kuzamisha kompyuta kwenye mafuta, mkuu wa kituo wa wakati ule alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Hata hivyo alikubali, kwa sharti moja: matangi yakishindwa, feni zinarudi ukumbini na mwenye wazo anarudi karakana.

Na kweli yalikaribia kushindwa. Joto lilipanda, ving'ora vikalia. Tukafanya lililoonekana la busara: tukatoa kompyuta chache tangini ili kupunguza mzigo. Ajabu ni kwamba kila tulipotoa moja, jirani zake zilizidi kuchemka. Tukatoa nyingine, mambo yakaharibika zaidi. Mkuu akawa anapita kila asubuhi, mikono mgongoni.

"Dada, nakuvumilia mpaka mwisho wa mwezi," alimwambia mbele yetu sote. "Baada ya hapo nakuja kukaanga samaki humu."

"Njoo na limau, bosi."

Tulicheka sana. Dada mwenyewe hakucheka.

Siku hiyo hakwenda kula. Alivaa glavu ndefu, akaingiza mkono tangini na kuupitisha polepole juu ya kompyuta moja hadi nyingine. Hapo mafuta yalikuwa ya moto na hayaendi popote. Alipofika kwenye nafasi tuliyoiacha wazi, akakuta ya baridi, yanapanda kwa kasi. Akatuita tuguse mmoja mmoja.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Pampu husukuma mafuta yaliyopozwa kutoka chini ya tangi. Yanapaswa kupenya kwenye vijia vyembamba ndani ya kila kompyuta, yachukue joto, kisha yatoke juu kwenda kulimwaga kwenye radieta ya nje. Sisi kwa kutoa kompyuta na kuacha pengo tulikuwa tumeyafungulia mlango mpana. Yakapita hapo yote, hayakugusa chenye joto, yakafika nje yakiwa ya baridi vilevile. Tulikuwa tunaipelekea radieta baridi ambayo haikuiomba.

Kesho yake alikuja na masinia mawili ya alumini kutoka jikoni kwake, akayakata, akayakunja kwa kipimo cha kompyuta na kuziba mapengo. Nyumbani nako wifi yake akaja kutembea, akaletewa chai juu ya ubao wa kukatia vitambaa.

"Kaka, masinia yenu yameenda wapi?"

"Yameajiriwa," mumewe akamjibu.

Kufikia alasiri joto lilikuwa limeshuka kiasi kwamba mkuu alikigonga kipimajoto kwa kidole. "Hiki kimekufa."

"Kizima kabisa, bosi. Samaki wako ndio hawana pa kukaangwa."

Matangi yakabaki, naye akabaki nayo. Aliona kuwa mafuta hayagawanyiki sawa, akaweka chini ya tangi bamba lenye matundu. La kwanza alilitoboa matundu yaliyolingana, likamwangusha: kompyuta za karibu na pampu zilikunywa zikashiba, za mwisho zikabaki na kiu. Akatoboa jingine, matundu madogo karibu na pampu na makubwa kadiri yanavyokwenda mbali. Bamba la namna hiyo limo katika kila tangi letu leo. Siku feni ya mwisho ilipozimwa, tulishtuka kusikia viatu vyetu wenyewe, na mpishi wa kantini akashuka kuuliza kama umeme umekatika.

Tusimfanye malaika. Amewahi kumtoa mkaguzi ukumbini kwa kosa la kuingia na kikombe cha chai, maana maji kidogo tu huyaharibu mafuta yale. Mkaguzi alirudi akiwa ameinua mikono yote miwili juu, na wakawa marafiki.

Lakini hakuwahi kumcheka aliyeuliza. Ukimletea swali uliloliona la kijinga, alikupa glavu na kukupeleka tangini mkalitazame pamoja. Ndivyo alivyomlea msaidizi wake, ambaye sasa anaushika ukumbi. Wiki iliyopita binti huyo alibadilisha pampu nzima, huku bibi amekaa kwenye kiti nje ya mlango kwa makusudi, anatafuna karanga na kukataa kuchungulia.

Mama Mafuta, asante kwa mikono yako na kwa subira yako. Nenda ukalale hadi jua likuchome, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na fundi cherehani akushonee kitu kisicho na doa hata moja.

Nawe unayesoma, kama kuna jambo la matangi usilolielewa, shuka ukumbini leo ukamuulize Mama Mafuta mwenyewe, kabla Ijumaa haijafika.